Kifaru Kiganjani

Waingereza walipounda gari la kwanza la deraya linalotambaa juu ya minyororo, walilificha nyuma ya jina. Wafanyakazi wa viwandani waliambiwa kuwa wanatengeneza matangi ya maji, na jina hilo la hadaa likabaki katika lugha yao mpaka leo. Kiswahili hakikulifuata. Kilimtazama mnyama: ngozi nene, pembe mbele, macho hafifu, na hasira inayokwenda moja kwa moja bila ya kujali kilichomo njiani, kikasema, hiki ni kifaru. Jina la kwanza linaificha kazi ya chombo, la pili linaifichua. Baina ya kuficha na kufichua ndipo anapoishi mtu mmoja ambaye aghalabu hudhaniwa kuwa hana neno la kufikirisha: yule ambaye tangu utotoni hadi uzeeni huketi mezani, mkononi wembe na msasa, akiunda vifaru vidogo vya plastiki na kuvipanga rafuni.

Swali linalomkabili mtu huyo, hata kama halijamtoka mdomoni, ni zito kuliko kipande chochote alichowahi kukishika. Je, yafaa chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kuua watu kigeuzwe pambo? Na kama yafaa, uzuri wake una deni lolote kwa waliokufa ndani yake na mbele yake? Wapo wanaolijibu swali hili kwa kulicheka, wakisema kuwa plastiki ni plastiki. Wapo wanaolijibu kwa kukunja uso, wakisema kuwa aipendaye sura ya silaha huipenda na kazi yake. Majibu yote mawili ni mepesi, na kazi yenyewe, ikitazamwa kwa karibu, inayakataa.

Kazi hiyo ina taratibu zake. Ndani ya sanduku mna fremu za plastiki zilizoshika mamia ya vipande, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Kila kipande hukatwa, huondolewa vinundu kwa wembe na tupa, husuguliwa kwa msasa, kisha huunganishwa kwa gundi ambayo kwa hakika si gundi, bali ni dawa inayoyeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kitu kimoja. Hufuata rangi, tabaka juu ya tabaka, zote nyembamba. Halafu huja hatua ambayo mgeni huistaajabia kuliko zote, nayo ni kukichakaza kile kilichokwisha kupendeza. Rangi nyepesi kama maji huachwa ijipenyeze katika mianya ionekane kama masizi na mafuta. Kingo hupigwa brashi kavu zionekane zimekwaruzika. Unga wa rangi hunyunyizwa juu ya minyororo uwe vumbi na kutu. Mwundaji stadi hatosheki mpaka chombo chake kionekane kimetoka safari ndefu. Kazi ya kimoja huweza kuchukua miezi, na kwa wengine mwaka mzima wa jioni baada ya jioni.

Kipimo kilichoenea zaidi katika ufundi huu ni cha moja kwa thelathini na tano, na asili yake ina funzo. Kilianzia katika mji wa Shizuoka, Japani, katika kampuni ya Tamiya, ambayo ilianzishwa mwaka 1946 ikiwa ni biashara ya mbao, ikaingia katika vyombo vya mfano vya mbao, na hatimaye, mwaka 1960, katika vya plastiki. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 ilipotoa kifaru chake cha kwanza cha plastiki, mfano wa Panther wa Kijerumani, ukubwa wake haukuamuliwa na mwanahistoria. Shunsaku Tamiya, mwana wa mwanzilishi, alieleza baadaye kuwa kilifanywa kipana kiasi cha kuweza kumeza betri za kuendeshea mota yake. Kilipokuja kupimwa ndipo ikaonekana kuwa ni takriban sehemu moja ya thelathini na tano ya kifaru cha kweli. Kipimo ambacho watu wazima wanakiheshimu leo kama sheria kilizaliwa, basi, kutokana na betri za kichezeo.

Shizuoka yenyewe ilikuwa imechomwa kwa mabomu ya ndege usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Juni 1945. Katiba ya nchi, iliyoanza kutumika mwaka 1947, ilikuwa imevikana vita. Shunsaku, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki Julai 2025, alikuwa wa kizazi cha Wajapani kilichoona miji ikiungua kabla ya kumaliza utoto. Na ni mtu wa kizazi hicho aliyesafiri mpaka Aberdeen, Maryland, huko Marekani, kulikowekwa vifaru vilivyotekwa vitani, akavipiga picha pembe kwa pembe ili vile vidogo visikosee. Usilolijua ni usiku wa giza, walinena wahenga. Lakini kizazi hicho kilikuwa kimeuona usiku wenyewe ukiwaka moto. Kuwaambia watu kama hao kuwa wanachezea wasichokijua ni kuwaonea.

Hata hivyo, shutuma haziondoki kwa jibu hilo moja. Wahenga hao hao walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtoto anayepewa kifaru kabla ya kupewa historia huenda akakua akidhani kuwa vita ni mashindano ya vyuma, na kuwa aliye na bamba nene zaidi ndiye aliye bora. Mfano wa mwandishi Mwingereza H. G. Wells unastahili kukumbukwa hapa. Mwaka 1903 alichapisha hadithi iliyobuni magari ya deraya ya vitani, miaka 13 kabla ya magari hayo kuonekana kwa macho. Mwaka 1913 alitoa kitabu cha kanuni za kucheza vita kwa askari wadogo wa risasi, na humo akatoa hoja kuwa mtu akicheza vita vidogo mara tatu au nne tu, atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi uliozidi akili ya binadamu. Hoja ilikuwa nzuri. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia vitani, na tarehe 15 Septemba 1916, huko Somme nchini Ufaransa, vifaru vya kweli vikatambaa uwanjani kwa mara ya kwanza. Vita vidogo havikuvizuia vita vikubwa. Mwenye kudai kuwa kichezeo kinafundisha amani ana wajibu wa kueleza kinafundishaje, maana peke yake hakifundishi.

Kwa upande mwingine, kifaru kidogo kina hali moja ambayo haina budi kutambuliwa. Kwa wasemaji wa Kiswahili kifaru si chombo kigeni kabisa. Katika vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979 kilitumiwa na pande zote mbili. Lakini mtoto wa pwani akitaka kuunda, huunda ngalawa. Huchonga kipande cha mti mwepesi, hufunga mirengu na matengo, hutweka tanga la kitambaa chakavu, kisha hukimbilia majini. Ngalawa hiyo hukamilika pale inaposhika upepo. Isipoelea, si ngalawa, ni kuni. Kifaru cha rafuni ni kinyume chake. Hukamilika kwa kutofanya kile ambacho mkubwa wake alifanyiwa. Mzinga wake hauna tundu la kweli, injini yake haingurumi, minyororo yake haimkanyagi mtu. Katika vifaru vyote duniani, hicho ndicho pekee ambacho hapana mama anayekilaani. Hapo ndipo penye kutokuwa kwake na hatia, na hapo hapo ndipo penye mtego wake, kwani chombo kisichomdhuru mtu ni rahisi kukipenda bila ya kuuliza.

Mtego huo una jina, nalo ni usahihi. Waundaji wa vifaru wanasifika kwa jambo hili kuliko jingine lolote. Watabishana usiku kucha kuhusu rangi ya kijani kibichi iliyotumika kiwandani mwezi fulani wa mwaka 1943, na kuhusu idadi ya nati katika gurudumu. Katika jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, Uingereza, kuna kifaru cha Kijerumani cha aina ya Tiger, chenye nambari 131, kilichotekwa Tunisia mwezi wa Aprili 1943 na ambacho mpaka hivi karibuni kimekuwa kikitiwa moto na kutembezwa mbele ya watazamaji. Alama za risasi kubwa zilizokigonga zingalipo katika chuma chake. Kombora moja lilikwamisha mnara wa mzinga usizunguke, na waliokuwamo wakakiacha wakatoka. Mwundaji stadi huzinakili alama hizo kwa ncha ya kisu kilichopashwa moto, kila mchimbo mahali pake. Anachokinakili ni kovu. Lakini kovu ni habari ya mtu aliyelenga na mtu aliyelengwa, na habari hiyo haimo katika plastiki.

Kuna mambo ambayo kipimo cha moja kwa thelathini na tano hakiyawezi. Tiger lilikuwa na uzito wa tani 57. Urefu ukigawanywa kwa 35, uzito hugawanywa kwa 35 mara tatu, yaani kwa 42,875. Kwa hiyo kifaru kidogo kingekuwa cha haki katika uzito kama kingefikia kilo moja na theluthi. Hakifikii, ni plastiki tupu, na mtoto hukiinua kwa vidole viwili. Ikiwa uzani wa chuma hauingii katika kipimo, sembuse joto, harufu na hofu. Katika vifaru vya kwanza vya mwaka 1916 walijazana watu wanane, pamoja na injini iliyokuwa katikati yao bila ya ukuta wa kuwatenga nayo. Joto la ndani lilifikia takriban nyuzi 50, na moshi wenye sumu uliwazimisha wengine kabla adui hajawaona. Mwendo wao wa juu ulikuwa kama kilomita sita kwa saa, yaani hatua za mtu mwenye haraka kidogo. Mtu anayekitazama kifaru hicho juu ya rafu huona umbo la ajabu la pembe nne lililolala upande. Haoni tanuri lenye watu.

Mwenye kusema kuwa ananakili kwa uaminifu ametoa ahadi. Lau angesema kuwa anapamba tu, hapana ambaye angemdai zaidi. Lakini amechagua neno usahihi, na usahihi haukatwi vipande, chuma kikapewa na mwili ukanyimwa. Aliyezihesabu nati hana udhuru wa kutowahesabu watu. Hiki ndicho kipimo cha haki cha ufundi huu, na ni kipimo kinachotoka ndani yake wenyewe, si kile anacholetewa na watu wa nje wasioujua.

Mfano wa wazi zaidi wa ahadi hiyo ni alama za kubandika. Vifaru vinavyopendwa mno na waundaji, Tiger na Panther, vilikuwa vya jeshi la utawala wa Nazi, utawala ulioua Wayahudi takriban milioni sita pamoja na mamilioni ya watu wengine. Sheria ya jinai ya Ujerumani inakataza kuonyesha alama za chama hicho, isipokuwa kwa shughuli kama vile elimu, sanaa na utafiti. Kwa sababu hiyo, baadhi ya watengenezaji wa vyombo vya mfano huiondoa alama ya msalaba uliopinda katika karatasi za kubandika, au huikata vipande viwili ili mnunuzi aviunge mwenyewe akitaka. Waundaji wamegawanyika. Mmoja husema kuwa kuiweka ni kuitukuza. Mwingine husema kuwa kuiacha ni kusema uongo, kwani chombo hicho hakikuwa cha nchi isiyo na jina. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Ila yule anayeiacha kwa sababu inaharibu uzuri wa rangi, na yule anayeiweka kwa sababu inaupendezesha, wote wawili wamelikosea swali. Alama ile inauliza chombo kilimtumikia nani. Mwundaji aliyekwisha kulijibu swali hilo moyoni anaweza kuiweka au kuiacha, na akawa mkweli kwa namna zote mbili.

Jambo hili halijifunzwi kwa siku moja, na pengine ndiyo sababu ufundi huu hufaa zaidi kutazamwa kama kazi ya umri mzima. Mtoto wa miaka kumi huvutiwa na mzinga. Hubandika kwa haraka, alama za vidole vyake zikabaki katika gundi, na kabla rangi haijakauka kifaru kimekwisha kuingia vitani sakafuni. Kijana huacha, kwa kuwa ana mambo mengine. Mtu wa miaka thelathini au arubaini hurudi, watoto wakishalala, na safari hii huvutiwa na nambari: namna ya injini, unene wa bamba, mwaka na kiwanda. Anayefika miaka sitini hugundua kuwa anachokipenda zaidi ni kutu. Macho yamepungua nguvu, mkono unatetemeka kidogo, na huanza kuona kuwa sehemu ngumu kuliko zote kuipaka rangi si chuma. Ni uso wa mtu wa plastiki mwenye kimo cha sentimita tano, aliyechomoza nusu mwili katika kifuniko cha juu.

Nyuma ya kila mwundaji wa namna hiyo kuna rafu nyingine, ya masanduku ambayo hayajafunguliwa. Ni jambo linalojulikana baina yao, na hulitania: masanduku ni mengi kuliko miaka iliyobaki. Kila mmoja anajua kuwa atakufa akiacha vifaru ndani ya karatasi zake, na kuwa vile alivyovimaliza vitavunjika siku ya kuhama nyumba, kwani hapana atakayejua kuvishika. Mtu aliyekwisha kuufahamu ukomo wake kwa njia hiyo hana budi, siku moja, kuukumbuka ukomo wa wale watu watano waliokuwa ndani ya kile cha kweli, ambao wengi wao hawakufikia hata miaka ishirini na mitano.

Fasihi ya Kiingereza ina mzee mmoja wa kubuniwa anayelieleza jambo hili vizuri kuliko hoja. Katika riwaya ya Laurence Sterne, *Tristram Shandy*, iliyotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1759 na 1767, Ami Toby ni askari aliyejeruhiwa katika mazingirwa ya Namur. Watu wanaokuja kumjulia hali humwuliza alipigwa wapi, na kila akijaribu kueleza hujikanganya baina ya handaki na ukuta, mpaka maneno yenyewe yanamzidishia ugonjwa. Hatimaye, pamoja na mtumishi wake, huijenga ngome nzima katika ua wake, ndogo, yenye kila handaki mahali pake. Na mtu huyu anayecheza vita kila siku ni mpole kiasi cha kumwachia nzi aliyemsumbua aruke zake dirishani. Sterne alimcheka, lakini hakumdhihaki. Alitambua kuwa kuna majeraha ambayo ulimi hauyafikii, na mkono huyafikia kwa kujenga upya mahali yalipotokea.

Toby alikuwa na jeraha, na ngome yake ilikuwa njia ya kulisema. Waundaji walio wengi hawana jeraha la vita, wala si sharti walitafute. Wanachoweza ni kuwaachia nafasi wenye nalo. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Sheperd Paine, ambaye vijitabu vyake vya maelekezo vilitiwa ndani ya masanduku ya kampuni ya Monogram, aliwafundisha waundaji wengi wasiishie kwenye chombo, bali wakiweke katika mandhari: kipande cha njia, ukuta uliobomoka, watu wanaofanya jambo. Alisisitiza kuwa mandhari hiyo sharti iwe na kisa. Fundisho hilo lilionekana kuwa la ustadi tu. Lakini kisa hakiwezi kuwapo bila ya mtu, na mtu akishaingia, kifaru hakiwezi tena kubaki pambo. Huwa ni kitu kinachomtokea mtu.

Mjini Kyiv, Ukraine, kuna kampuni ya MiniArt inayotengeneza vyombo vya kipimo hicho hicho cha moja kwa thelathini na tano. Pamoja na vifaru, hutoa pia vile ambavyo vifaru huvikuta njiani: nyumba zilizobomoka, mikokoteni, nguzo za taa, na raia wa miaka ya 1930 na 1940, wanaume kwa wanawake, katika nguo zao za kila siku. Februari na Machi 2022 misafara ya vifaru vya kweli vya Urusi ilifika kwenye viunga vya mji huo. Wanaponda tembo, nyasi huumia. Na waliokuwa wakitengeneza kwa mikono yao sanamu za raia wa vita vya zamani wakajikuta wao ndio raia.

Mwenye kuuliza kama ni halali kuuunda mfano wa kifaru anaweza basi kujibiwa kwa kuonyeshwa raia hao wa plastiki. Kifaru kinaruhusiwa kuwa kidogo kadiri ya kiganja. Mtu haruhusiwi kupunguzwa kwa kipimo hicho. Ikiwa mwundaji ametumia mwezi kwa ajili ya kutu ya minyororo, na ampe mwezi mwingine yule mwanamke wa sentimita tano anayesimama kando ya njia na mzigo wake: ampake weusi chini ya macho, avichakaze viatu vyake kama alivyoichakaza minyororo, na amweke mahali ambapo mtazamaji, akiinama kukistaajabia chuma, atakutana naye kwanza.